Sauti Iliyomwita Kaviha

Nyumba ya Ruwa iko Magogoni, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ni vyumba viwili na ua. Humo ndani kuna desturi moja. Kila anayepita husema jina lake.

"Ni mimi, Ruwa. Naenda kuoga."

"Ni mimi, Linda. Nimerudi shule."

"Ni mimi, Dama. Nachukua ungo."

Hata paka wa nyumba hiyo amefungwa njuga shingoni.

Wanafanya hivyo kwa ajili ya Kaviha, mke wa Ruwa. Kaviha haoni. Zamani aliona vizuri, kuliko hata mimi ninayeandika haya. Kisha akapata presha ya macho. Kwake ugonjwa huo haukuuma. Ulianza pembeni, ukaja katikati polepole. Alipofika hospitali, daktari alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi. Miaka miwili sasa imepita.

Lakini iko sababu nyingine, nayo ni ya hofu. Kwetu pwani, ukiitwa na mtu usiyemwona, huitiki. Unangoja. Unachungulia kwanza. Mimi nafundisha ngumbaru hapa Kisauni. Watu wazima huja darasani kwangu hawajui herufi hata moja, lakini sheria hiyo wote wanaijua. Ukiitika, umekubali. Umekubali nini? Hapo kila mtu ana jibu lake, na sijasikia jibu zuri bado.

Sasa mfikirie Kaviha. Kwake, kila anayeita haonekani.

Kabla ya ugonjwa, Kaviha alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa pia anasomea cheti chake. Mitihani yote aliifanya isipokuwa mmoja, mtihani wa malezi. Macho yakamkatisha hapo. Mwaka huu, mwezi wa kwanza, mwalimu wake mkuu, Bi Gladys, alikuja kumtembelea.

"Kaviha, fanya huo mtihani uliobaki," alisema. "Utasomewa maswali, utajibu kwa mdomo. Nimeshauliza, inaruhusiwa. Ukifaulu, darasa lako linakungoja."

Mtihani ulikuwa mwisho wa mwezi wa tatu. Ruwa akatafuta kitabu cha somo hilo. Akakipata kwenye maktaba moja ya Kiembeni, inayotoa vitabu vya kusikiliza kwa watu wasioweza kusoma maandishi. Kikaingia kwenye simu, na simu ikawa inakisoma kwa sauti. Siku ile Kaviha alilia kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu siku tatu.

Siku ya nne ilikuwa alasiri, mwezi wa pili, joto kali. Umeme ulikuwa umekatika. Kinu kilinyamaza, na mtaa wote ukanyamaza nacho. Kaviha alikaa kwenye mkeka chumbani, simu mapajani. Dama, mama mkwe wake, alikuwa uani anakuna nazi.

Simu ilisoma. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke, imenyooka, haipandi wala haishuki. Tena haivuti pumzi. Ukiisikiliza sana unaanza kuvuta pumzi wewe kwa niaba yake.

"Mtoto mdogo hujifunza kwa kugusa," ilisema. "Mpe mchanga, mpe maji, Kaviha, mpe vyombo visivyovunjika."

"Abee!" Kaviha aliitika.

Mlio wa mbuzi ya nazi ukakoma. "Ni nani aliyekuita?" Dama aliuliza kutoka uani.

"Si wewe, mama?"

"Mimi sijafungua kinywa."

Simu iliendelea kueleza habari za mchanga. Dama akaingia, nazi bado mkononi, vidole vimejaa machicha. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alisahau kusema jina lake.

"Umeitika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeitika."

"Ole wetu."

Wakakaa pamoja wakasikiliza. Simu ilisoma juu ya nyimbo za watoto. Ikasoma juu ya usingizi. Halafu, katikati ya sentensi, bila kubadili sauti, ikasema tena, "Kaviha." Kisha ikaendelea na usingizi.

Dama aliisikia kwa masikio yake mwenyewe. Nazi ilimtoka mkononi, ikabingirika hadi mlangoni.

Mjue pia jambo moja. Kaviha hakupewa jina hilo hivi hivi. Alirithi jina la bibi yake, mama wa baba yake, kama ilivyo desturi yao. Huyo Kaviha mkubwa alizikwa Kaloleni miaka mingi iliyopita. Na uzeeni mwake, alikuwa haoni.

"Ni yeye," Dama alisema. "Jina ni lake. Macho ameshayachukua. Sasa anakuita wewe uliyebaki."

"Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Ni watu wa kanisa, ndiyo. Na yeye amekuita, ndiyo."

Kaviha aliogopa. Mimi simlaumu, maana hata nilipohadithiwa mchana kweupe, darasani, nywele zilinisimama.

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Kaviha hakuacha kusoma, kwa sababu mtihani ulikuwa unakaribia. Lakini kila baada ya dakika chache sauti ilimwita. Aliikaza mikono magotini asiitike. Linda, binti yake wa miaka tisa, alikataa kukaa naye chumbani. Alifanya kazi zake za shule mlangoni, mguu mmoja nje.

Kisha sauti ikaanza kubadilika. Kitabu kilipofika katikati, haikusema tena jina zima. Ilisema, "Kavi." Mbele zaidi ikawa inasema, "Ka." Inasema hivyo, inaendelea na habari za chakula cha mtoto.

"Labda anachoka, anaondoka," Linda alisema kwa matumaini.

Dama alitikisa kichwa. "Mtu akiwa mbali huita jina zima, mjukuu wangu. Akifika karibu hunong'ona."

Jioni hiyo Ruwa alirudi kutoka Changamwe, ambako anaendesha mashine ya kuinua makontena. Ni mtu mkubwa, mwenye shingo nene, asiyeogopa kontena linaloning'inia juu ya kichwa chake. Alisikiliza ukurasa mmoja tu.

"Simu hii irudi dukani," Ruwa alisema. "Kesho."

"Na mtihani?" Kaviha aliuliza.

"Tutatafuta njia nyingine."

"Njia ipi? Nionyeshe. Wewe huondoka saa kumi na moja alfajiri, hurudi umechoka. Linda ni mtoto. Nani atanisomea kitabu kizima?" Aliupiga mkeka kwa kiganja. "Bila kitabu sifanyi mtihani. Bila mtihani sirudi darasani. Mnataka nikae juu ya mkeka huu mpaka lini?"

Dama alichukua simu kwa ncha ya leso, akaitia ndani ya sufuria kubwa jikoni, akaifunika. Juu ya kifuniko akaweka jiwe. Hakuna aliyeizima, na ikaendelea kusoma humo humo hadi Ruwa alipokwenda kuichomoa betri. Asubuhi aliirudishia betri ili airudishe dukani ikiwa nzima, kisha akaghairi, akaitia tena ndani ya sufuria na kurudisha kifuniko na jiwe. Alichelewa kazini kwa sababu hiyo.

Asubuhi ile Kaviha alibaki peke yake. Linda alikuwa shule. Dama alikuwa kwangu, ngumbaru. Nyumba ilikuwa kimya.

Halafu jikoni akasikia kitu kinazungumza.

Ruwa alipoirudishia betri alikuwa ameiwasha bila kujua, nayo simu ikaendelea na kitabu ilipoachia. Kaviha alisikia maneno yakivuma ndani ya sufuria kama mtu anayezungumza kisimani. Alisimama. Alishika ukuta akaenda, hatua kwa hatua, kuelekea sauti. Alilitoa jiwe. Aliinua kifuniko.

"Ka," ilisema sauti.

Kaviha alisimama na kifuniko mkononi.

"Kama unanijua," alisema, "niambie unataka nini."

"Mwoshe mtoto mikono kabla ya kula," sauti ilisema, "na baada ya kutoka chooni."

Kaviha alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka. Kwani mzimu gani husisitiza sabuni? Lakini alijua kwamba kicheko hakitoshi. Alitaka kujua. Akakumbuka kwamba Ruwa, siku alipokiingiza kitabu, aliruka maneno ya mwanzo ili wafike haraka kwenye sura ya kwanza. Kaviha alikirudisha kitabu mpaka mwanzo kabisa, akasikiliza.

"Tangazo kwa msomaji," sauti ilisema. "Kitabu hiki kimesomwa na mashine. Bado hakijasahihishwa chote na mtu. Kimetolewa mapema kwa sababu msomaji amekihitaji haraka. Ukikuta jambo lisiloeleweka, tafadhali tupigie simu." Kisha ikataja namba.

Kaviha aliikariri namba akapiga. Aliyepokea alikuwa mama mtu mzima, sauti yake ya taratibu.

"Mimi ni Mwanarehema, wa wasahihishaji. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo. Nina kitabu chenu cha malezi. Kina... kina sauti ndani. Inaita mtu."

"Marahaba. Yuwaita nani?"

"Mimi. Inaita jina langu. Naitwa Kaviha."

Kaviha alisikia kiti kinasukumwa.

"Lahaula," Mwanarehema alisema polepole. "Wewe ni Kaviha? U mzima?"

"Mzima kivipi?"

"Hapana neno, mwanangu. Sitakueleza kwenye simu. Njoo Kiembeni kesho. Njoo na mumeo."

Simu ikakatika. Kaviha alibaki amesimama jikoni na swali lile. *U mzima?* Kwa nini mtu asiyemjua amuulize hivyo?

Wazo lilimjia. Chuoni alikuwa na nakala yake ya kitabu hicho hicho. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda, pamoja na vitabu vyake vyote. Atamwomba Linda amsomee ukurasa mmoja, walinganishe na simu. Alilivuta sanduku, akalifungua, akatia mikono.

Alishika magazeti yaliyokunjwa. Alishika shuka kuukuu. Alipapasa mpaka chini, pembe zote nne. Hakukuwa na kitabu hata kimoja.

Dama aliporudi alimkuta amekaa sakafuni. "Ni mimi, Dama," alisema. Kisha akaliona sanduku. "Hata vitabu!" alinong'ona, akatoka nje kuita jina la Yesu kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Walikwenda Kiembeni kwa tuktuk, Kaviha, Ruwa na Dama. Dama alisema haendi. Kisha akasema hamwachi mkaza mwanawe aende bila yeye kwa watu wanaouliza wengine kama ni wazima.

Nyuma ya maktaba kulikuwa na chumba chenye meza ndefu na kompyuta nne. Mwanarehema aliwapokea mlangoni. Alikuwa amefanya kazi ya kusahihisha katika kiwanda cha kupiga chapa kwa miaka thelathini, na alipostaafu alijitolea hapo. Aliushika mkono wa Kaviha, akaubonyeza.

"Mkono una joto," alisema. "Alhamdulillahi. Kaeni, niwaeleze."

"Eleza yote," alisema Dama. "Usifiche."

"Sifichi, dada yangu. Vitabu hivi twavitengenezea watu wasioweza kusoma maandishi. Yuko asiyeona. Yuko anayeona kwa shida. Yuko ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu. Yuko ambaye herufi humchezea machoni, zikawa hazikai mahali pake. Twachukua kitabu cha karatasi, mashine yakipiga picha, ukurasa kwa ukurasa. Kisha kompyuta yaitazama picha na kukisia, hii ni herufi gani, hili ni neno gani. Mwelewe hapo. Kompyuta haijui inachosoma. Chochote chenye umbo la herufi, yenyewe yasoma. Namba ya ukurasa, yasoma. Maandishi ya mtu aliyechorachora pembeni, yaweza kuyasoma. Ndipo sisi tukalinganisha picha na maneno, tukaondoa kisichokuwa cha kitabu."

"Na changu hamkukisahihisha," Kaviha alisema.

"Nilifika ukurasa wa nane tu. Mumeo alisema mtihani u karibu, tukakitoa vivyo hivyo, na tangazo. Sasa, baba Linda, njoo uitazame picha hii. Mwambie mkeo waona nini."

Ruwa aliinama mbele ya kompyuta. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Sema," Kaviha alimwambia.

"Kuna muhuri," alisema Ruwa. "Wa wino wa zambarau. Umepigwa chini ya ukurasa, umepanda juu ya mistari."

"Umeandikwa nini?"

"Kaviha."

Dama alishika kifua. Lakini Kaviha alikuwa amenyanyua uso.

"Umekaa upande?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Herufi ya mwisho imekatika mguu?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Mama Mwanarehema, nitazamie ukurasa wa arobaini na tatu. Kuna doa?"

Kompyuta ilibofyabofywa. "Liko," alisema Mwanarehema. "Duara la kikombe."

"Ni chai," alisema Kaviha. "Ni kikombe changu."

Akawaeleza. Kule chuoni vitabu viliibwa sana. Mwizi alichana ukurasa wa kwanza wenye jina, na kitabu kikawa chake. Kaviha akachongewa muhuri wa mpira wenye jina lake, akaupiga kwenye kila karatasi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Asingeweza mtu kuzichana zote. Alikuwa na kidau kimoja tu cha wino, na wino ukapungua. Kurasa za mbele zikapata jina zima. Za katikati zikapata nusu. Za mwisho zikapata herufi mbili.

"Mtu aliyekuwa ananiita ni mimi," alisema. "Mimi, nilipokuwa naona."

Mwanarehema alijifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Wallahi, nami niliogopa," alisema. "Vitabu vingi tupewavyo ni vya marehemu. Nilipouona muhuri huu nikasema, huyu Kaviha, Mungu amrehemu. Kisha jana asubuhi akanipigia simu."

Dama alicheka kwanza, kisha wote wakacheka, isipokuwa Kaviha. Kaviha alikuwa amemgeukia mumewe.

"Ruwa. Kitabu changu kilifikaje huku?"

Ruwa aliketi. Kiti kililia chini yake.

"Nilivileta mimi," alisema. "Vyote. Mwaka juzi. Nilikukuta umekaa kitandani, umefungua kitabu, unapapasa kurasa kwa vidole. Sikuweza kuvumilia. Nikasema visipokuwepo, hutaumia. Sikujua kwamba hiki walichokitia kwenye simu ni kile kile chako."

"Na mimi niliona sanduku liko tupu, nikadhani wafu wameingia chumbani kwangu." Sauti ya Kaviha ilikuwa kali. "Vilikuwa vitabu vyangu, Ruwa. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza. Nisamehe."

"Asingekileta, kisingekuwa simuni leo," alisema Mwanarehema kwa upole.

"Najua, mama. Lakini angeniuliza."

Mwanarehema alikubali. Ruwa alikaa ameinamisha kichwa, na ilichukua siku kadhaa kabla Kaviha hajamwekea chai kama zamani. Ndivyo ilivyokuwa, sitapaka rangi.

Zilibaki wiki nne kabla ya mtihani, na kurasa mia moja na kumi na mbili. Wasahihishaji walikuwa wachache na vitabu vilikuwa vingi. Mwanarehema akauliza nani angependa kujitolea. Ruwa aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Siku ya kwanza Ruwa alifanya kurasa ishirini, akajisifu. Mwanarehema alizipitia, akakuta makosa kumi na moja yamebaki. Tena Ruwa alikuwa ameibadilisha sentensi moja.

"Hii umeitoa wapi?"

"Niliona hivi inapendeza zaidi."

"Hukuitwa kuipendezesha. Kitabu si chako. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba asiyeona anapata kile kile alichopata anayeona. Usizidishe, usipunguze. Usipokuwa na hakika, usikisie. Tia alama, uulize."

"Lakini nilisoma kila mstari."

"Umesoma haraka. Anayesoma haraka huona neno analolitarajia, na lililopo lampita."

Dama alikuwa amekaa pembeni na mfuko wake. "Mimi siwezi kusoma haraka," alisema. "Hata nikitaka."

Mwanarehema alimgeukia. "Njoo hapa, dada yangu."

Basi mwanafunzi wangu Dama, mwenye miaka sitini na minne, alikaa mbele ya kompyuta. Aliweka kidole kwenye picha, akaweka kingine kwenye maneno ya mashine, akaenda herufi kwa herufi, midomo inacheza. Ukurasa mmoja ulimchukua karibu saa nzima. Mwanarehema alipoupitia hakukuta kosa hata moja.

Mimi niliposikia habari hiyo nilijivuna wiki nzima. Nyinyi mnaosoma haya kwa kidole, msione haya.

Dama alikwenda karibu kila siku baada ya ngumbaru, na siku asiyoweza alikwenda Ruwa. Mashine ilipofanya mambo yake, yeye aliiona. Mahali muhuri ulipofunika maneno, mashine ilikuwa imemeza mstari mzima. Dama akaurudisha. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana kwa chai, zikapigwa picha kama moja, na kitabu kikaruka kutoka homa ya mtoto hadi michezo ya mpira. Dama ndiye aliyegundua kwamba namba za kurasa hazifuatani. Zilipokuwepo picha, mashine ilisema "picha" tu. Kaviha akauliza, picha ya nini? Wakaandika: mtoto amepanga vibao vitatu, anashika cha nne.

Na kila alipolikuta jina, Dama alisimama kidogo. "Kaviha," alisema kwa sauti. Kisha akalifuta.

"Tungeliacha moja," Kaviha alisema siku moja. "Moja tu. Ni mimi yule."

"Najua, mwanangu," alijibu Mwanarehema. "Lakini kesho atakisoma mwengine, yuko peke yake nyumbani. Atasikia jina katikati ya maneno. Wewe wajua alivyo mtu akisikia hivyo."

Kaviha alimgeukia Dama. Kisha akasema, "Futa, mama."

Kazi iliisha zikiwa zimebaki siku tisa. Kaviha alizisikiliza sura za mtihani mara tatu. Hakuna aliyemwita. Alisema kwamba mara ya kwanza kimya kile kilimuuma, kama mtu aliyehama mtaa bila kuaga. Mara ya pili alisikia kitabu tu.

Mtihani aliufanya. Alifaulu. Mwezi wa tano alirudi darasani kwa Bi Gladys, na watoto wake thelathini wamejifunza desturi ya nyumba ya Ruwa. Husema majina yao kwanza. "Ni mimi, Bonface. Ameninyang'anya penseli." Linda naye alipelekwa kupimwa macho, maana presha ya macho hupenda kutembea katika ukoo, na hupimwa kila mwaka.

Siku hizi, akitoka darasani, Kaviha ni msahihishaji pia. Husikiliza kitabu kikiwa tayari, na sikio lake hunasa yanayowapita wenye macho. Namba ile ya kwenye tangazo, alasiri hulia kwenye simu yake.

Mwezi wa nane, alasiri moja, ililia. Umeme ulikuwa umekatika na kinu kimenyamaza. Dama alikuwa uani na nazi yake, na Kaviha aliipokea simu kwa spika.

"Halo?"

Alisikia pumzi tu.

"Halo? Ni nani?"

"Shikamoo," ilisema sauti ya mwanamke. "Naitwa Mastura. Niko Likoni. Mimi sioni. Nimepata kitabu chenu cha malezi." Akasita. "Utanicheka. Kitabu kinaita mtu."

Kaviha alikaa wima. "Kinaita nani?"

"Sikiliza mwenyewe."

Kitu kilisogezwa karibu na simu. Kisha, kutoka ng'ambo ya pili, Kaviha aliisikia ile sauti isiyovuta pumzi.

"Mtoto akianguka, usipige kelele. Mwache ajaribu kuinuka, Kaviha, kisha umpe mkono."

Uani, mbuzi ya nazi ilikoma. "Ukurasa wa ishirini na tisa!" Dama alisema kwa hasira. "Siku hiyo nilikuwa mazishini Kaloleni. Aliufanya Ruwa huo, na haukuwamo kwenye mtihani!"

"Umesikia?" Mastura aliuliza. "Niko peke yangu ndani. Jina linarudi kila nikirudia. Huyo Kaviha ni nani?"

"Abee," Kaviha aliitika. "Ni mimi, Kaviha. Tumesahau kulifuta jina langu, Mastura, na leo litafutwa. Usiogope. Endelea kusoma. Nitakaa nawe kwenye simu mpaka ukurasa uishe."